Karatasi ya Mahudhurio

Zuhura mwanangu,

Nakuandikia nikiwa mezani sebuleni. Wewe uko chumbani kwako unaagana na wenzako wa chuo pale Kensington kwa kompyuta, maana tumefungiwa ndani kwa ajili ya korona na hakuna anayeruhusiwa kuja kukushika mkono. Nakusikia unacheka. Kwa hiyo sina haja ya kukuuliza hali, hali yako naisikia ukutani. Mambo ya koti, soksi za sufu, swala, na kupiga simu kila Ijumaa, mama yako ameshayamaliza, tena mara tatu, na mimi sitayarudia. Naandika kwa Kiswahili ingawa najua utasoma polepole, kidole juu ya mstari, kama ulivyokuwa ukisoma barua za bibi yako. Kwa Kiingereza mimi nimezoea kuandika taarifa za karakana tu, na huko nimejifunza kujaza ukurasa mzima bila kusema kitu.

Nina jambo moja, na kesho unaondoka kwenda Denmark. Ile hadithi ya kijiji kilichokubali kwa alasiri moja si ya kweli. Mkutano ulikuwepo, soda zilikuwepo, na mimi nilikuwepo. Kukubali hakukuwepo.

Hadithi hiyo umeisikia tangu ukiwa na miaka saba, kwanza tukiwa Tanga, halafu huku, ndani ya gari tukienda Blacktown kununua unga na samaki wakavu. Jinsi baba yako alivyotumwa na kampuni ya Wazungu kwenda bara, nyanda za kati, kule upepo unakovuma mchana kutwa, akaombe ardhi ya kusimika mitambo ya umeme. Jinsi alivyokaa na wazee, akala nao ugali wa mtama, akawaeleza kwa upole, na kabla jua halijazama kijiji kizima kikawa kimetia sahihi. Mimi ni Mtanga, mdomo haujawahi kunipa shida. Kila nilipoisimulia niliongeza kidogo, na ulipoingia sekondari wale watu walikuwa wameshazaana hadi kuwa mara tatu ya idadi yao ya mwanzo. Mama yako alikuwa akinikonyeza niache. Wewe ulikuwa unataka niendelee.

Siku ya usaili wako wa kazi kwa kompyuta nilikuwa nikipita koridoni na kikapu cha nguo. Mlango ulikuwa umeurudisha tu. Nikakusikia ukiwaambia wale watu wa Denmark kwamba kazi ya kuzungumza na wananchi hukujifunza chuoni, umejifunza kwa baba yako, na ukaisimulia yote, ugali na wazee na sahihi. Uliisimulia vizuri kuliko mimi. Mama mmoja upande wa pili akasema hicho ndicho kitu ambacho sekta nzima ya upepo Ulaya inakitafuta. Ningeweza kugonga mlango. Nilikwenda nyuma nikaanika nguo, shati baada ya shati, na baada ya wiki mbili ukapata kazi na tukapika pilau.

Ningeendelea kujikausha hivyohivyo. Lakini Jumapili iliyopita, tukiwa tunakula, ukatuambia kwamba wiki yako ya kwanza wanataka usimame mbele ya waajiriwa wapya wote uwasimulie jinsi baba yako alivyofanya. Ulikuwa na furaha. Mama yako akaniangalia. Mimi nikaomba chumvi.

Basi sikiliza ilivyokuwa.

Mkutano wa kijiji kwetu una adabu zake. Mgeni akija anapigiwa makofi hata kama amesema upuuzi. Makofi ni heshima, si jibu. Jibu linakuja baadaye, watu wakisharudi nyumbani, ndugu wakakaa na ndugu, pengine kwenye mkutano wa pili au wa tatu. Na katika kila mkutano kuna karatasi inayopitishwa, ya mahudhurio. Unaandika jina lako na kutia sahihi, au unatia dole gumba kama hujui kuandika, na kwa jina hilo unapewa soda na mkate. Kila aliyekulia kwetu anaijua karatasi hiyo. Bosi wangu hakuijua. Alikuwa mtu mwema, mrefu, shingo yake imeiva kwa jua. Alipoona makofi akaniuliza kama wamekubali, nami nikamjibu kwamba wamefurahi sana, jambo ambalo halikuwa uongo. Akasema basi anahitaji sahihi zao ifikapo Ijumaa, maana wenye fedha Ulaya wanangoja.

Nilipaswa kurudi kwa mkutano wa pili. Mvua ikanyesha, gari likakwama, mtendaji wa kijiji akapata msiba kwao. Sababu hizo zote ni za kweli, na kwa miaka mingi nilijikinga nazo, lakini hakuna hata moja iliyonituma. Nilitaka kuonekana hodari. Alhamisi, chumbani kwangu katika nyumba ya wageni, niliing'oa pini ya ile karatasi ya mahudhurio kwa ukucha. Nikauondoa ukurasa wa juu uliokuwa na kichwa cha habari, nikaweka mwingine niliouchapa mwenyewe, unaosema kwamba sisi tuliotia sahihi tumeridhia ardhi yetu itumike kwa mradi. Kisha nikabana tena. Majina yote yalikuwa ya kweli na mikono yote ilikuwa yao. Kazi yenyewe haikufika muda wa kuchemsha chai.

Nilivikwa kilemba cha ukoka, mwanangu, nikakivaa. Bosi aliniandikia barua ya sifa, akasema hajawahi kufanya kazi na mtu anayeaminiwa hivyo na wananchi. Barua hiyo ndiyo niliyoambatanisha nilipoomba viza ya ufundi ya kuja huku. Ukitaka kujua kwa nini naisafisha nyumba hii kupita kiasi na bado siishi ndani yake kwa raha, ni kwa sababu najua tuliingia kwa mlango gani.

Miezi michache baada ya ile Ijumaa tulirudi kijijini na greda ili lichonge barabara ya kupandisha vifaa kilimani. Chini ya kilima palikuwa na mjane mwenye shamba la alizeti, akiitwa Mama Yunisi kwa jina la binti yake. Greda lilipita katikati ya alizeti zake zikiwa zimeshaanza kuinama. Likapita pia juu ya kaburi la mumewe, ambalo lilikuwa mawe tu yaliyopangwa, na dereva hakulitambua. Mtu alimwita, akaja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama kawaida. Hakupandisha sauti.

"Baba," akaniambia, "mimi nilitia dole nipewe soda. Ardhi yangu niliitaja lini?"

Na mimi, Zuhura, mimi baba yako ninayejua kuzungumza na wananchi, nilimjibu hivi:

"Mama, jina lako lipo."

Nikafungua faili nikamwonyesha. Hakujua kusoma. Aliliangalia lile dole lake la wino, kisha akageuza mkono akakiangalia kidole chenyewe, kisha akaondoka kupita palepale kwenye alizeti zilizolala. Nimeona mambo mengi mabaya maishani mwangu, lakini hilo peke yake ndilo ninaloliona nikiwa napiga mswaki.

Na mitambo yenyewe haikusimama. Wenye fedha walibadilisha mawazo, na mwaka uliofuata kampuni ikafunga ofisi. Ilibaki barabara, na mnara wa kupimia upepo ambao watu waliufungua bolti moja moja mpaka ukaisha. Hakuna balbu hata moja iliyowaka kwa upepo ule. Sehemu hiyo sikuwahi kuisimulia ndani ya gari.

Sikuandikii haya uuchukie upepo. Kama kuna kitu kimenifurahisha katika miezi hii ya kufungiwa, ni wewe kutufanyia mazoezi ya kazi yako pale mezani. Chupa ya maji ndani ya beseni ilikuwa mtambo unaoelea baharini, umefungwa kwa nyuzi za kushonea, na ulinikataza nisiiguse. Umenieleza habari za mapanga ya mtambo, ambayo moja tu ni refu kuliko uwanja wa mpira, na mengine mapya ambayo yakizeeka yanayeyushwa yakatumika tena badala ya kufukiwa ardhini. Kamera inayomwona tai angali mbali na kuusimamisha mtambo asije akakatwa. Na mambo ambayo sekta yenu inazibana serikali za Ulaya ziyafanye: nyaya za kusafirisha umeme zitandikwe mapema, viwanda na kazi vibaki kwao badala ya kumfuata muuzaji wa bei rahisi tu, na juu ya yote, vibali visikae miaka. Mama yako alikuwa anasinzia, unajua zamu za kule kwenye nyumba ya kutunzia wazee zinavyomchosha. Mimi sikusinzia. Nilikuwa nikijiambia, angalia, mtoto amelifikia jambo ambalo mimi nililishika kwa mkia.

Halafu ukatuonyesha ile programu. Ile inayosoma maoni ya wananchi yote kwa dakika chache na kuyageuza rangi kwenye ramani. Wanaokubali ni kijani, wanaopinga ni wekundu. Nilikuuliza wasiosema chochote wanapewa rangi gani. Unakumbuka ulivyonijibu? Ulisema bila hata kuinua macho:

"They're neutral, Baba, hawana upande. Kwa ramani tunawaweka tu green."

Nilisema pipa la taka linatakiwa kutolewa nje. Haikuwa siku ya taka. Nilisimama pale barabarani na pipa, helikopta ya polisi ikizunguka juu kuhakikisha watu wa huku magharibi mwa jiji hawatoki majumbani, na nikaona kwamba mimi sikukufundisha kusikiliza watu. Nilikufundisha kuhesabu makofi. Ulijifunza vizuri kwa sababu ulinipenda.

Najua haraka yako inatoka wapi. Kiangazi kile kabla ya korona, misitu ilipowaka na moshi ukaingia hadi jikoni, ulikuwa umekaa sakafuni na taulo lililolowa puani, ukasema unabadilisha masomo, unakwenda kusomea upepo. Nilidhani ni hasira za siku moja. Na mwaka huu, ulipoomba kibali cha kutoka nchini wakakukatalia, ukaomba tena wakakukatalia tena, ulilia ukasema watu wanaokalia makaratasi ndio wanaoiua dunia. Pengine umesema kweli. Nadhani viko vibali vinavyocheleweshwa na mtu asiyetaka tu kuuona mnara kutoka dirishani kwake. Na viko vinavyochelewa kwa sababu yupo mama mmoja ambaye bado hajarudi nyumbani kuuliza ndugu zake. Kwenye ramani yenu hao wawili wanafanana. Utawatenganisha vipi, mimi sijui. Ningejua ningekuwa mtu mwingine.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kuendelea kuomba chumvi.

Miezi miwili iliyopita, walipoanza kutupima pua kila siku ya tatu kabla ya kuruhusiwa kuingia karakana, nilikuwa nakaa kwenye foleni ndani ya gari saa nzima bila la kufanya. Mtu akikaa hivyo, yale aliyoyakimbia yanamfikia. Nikamtafuta dereva wangu wa zamani kwenye WhatsApp, dereva akamtafuta mtu, na mwisho nikapata namba ya Yunisi, yule binti. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto, analima shamba lilelile. Mama yake alifariki. Nilijitambulisha, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, na nilikuwa nalia. Aliniacha nikamaliza.

"Kwa hiyo unataka nikuambie nini?" akaniuliza.

Nadhani nilitaka aniambie hakuna neno, yamepita. Hakuniambia. Alisema barabara inamsaidia kupeleka alizeti kukamuliwa, hilo hawezi kulikana, na kwamba watoto wake wamekatazwa kukanyaga ile sehemu lilipokuwa kaburi, wanazunguka kwa pembeni, lakini malori hayazunguki. Halafu akaniambia jambo nisilolijua. Ile orodha yangu bado imo kwenye mafaili ya ofisi ya ardhi, na kwa sababu ya orodha hiyo kilima na mashamba ya chini yake bado yameandikwa kuwa ni ya mwekezaji. Kila akiomba hati ya shamba lake anaonyeshwa dole la mama yake. Na sasa wamekuja watu wengine wanapima upepo tena. Hakutaka fedha wala machozi yangu. Anataka niandike, kwa jina langu na sahihi yangu, kwamba zile zilikuwa sahihi za soda.

Nilimwahidi kwamba ningeandika wiki hiyohiyo. Kisha nikaanza visingizio, na visingizio mimi ni fundi. Nikasema nangoja tufunguliwe. Nikasema nangoja wewe upate kibali cha kuondoka kwanza. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa barua ya sifa na viza iliyotokana nayo. Zaidi nilihofia kwa ajili yako. Sekta yenu, kwa jinsi unavyoieleza, watu wake wanajuana, na wale wanaopima upepo kule sijui ni akina nani wala ofisi zao ziko wapi. Inawezekana maelezo yangu yakafika siku moja kwenye meza iliyo karibu na yako, yakiwa na jina letu la ukoo juu yake, wakati wewe umeshasimama mbele ya watu ukanisifu.

Nilimwambia mama yako juzi kwamba nitakueleza. Ujue mama yako alikuwa anajua, tangu mwanzo, na ameubeba mzigo huu pamoja nami. Alikuwa anakunja nguo zako, hakuacha kukunja.

"Mwache mtoto aende na baba anayemjua," alisema.

Usimkasirikie kwa hilo. Alikuwa anakulinda wewe, na kidogo alikuwa ananilinda mimi, na katika ndoa mambo hayo mawili ni vigumu kuyatenganisha. Lakini nimefikiri siku mbili na nimeona hapana. Ukienda na baba unayemjua, utasimama kule uwasimulie vijana wapya hadithi ile, nao wataipeleka kwenye vijiji vyao vya huko, kwa wakulima na wavuvi wa huko, na kila mmoja atajua kwamba mtu hodari anarudi na sahihi siku ya Ijumaa. Sitaki tena Mama Yunisi mwingine kwa mdomo wangu. Na sitaki awe wa kwako.

Maelezo aliyoyataka Yunisi nimeyaandika leo asubuhi, kurasa mbili, na nimeyasaini. Nitayatuma kesho, ukishajua wewe kwanza. Sikuombi ruhusa, maana ningekuomba ungenionea huruma na ningepata kisingizio kipya. Sijui yatatufikisha wapi. Pengine ofisini kwao watayatupa kabatini. Pengine kuna mtu ataniuliza kuhusu ile viza, na nitamjibu. Wewe ulikuwa mtoto, hakuna atakachokudai. Kuhusu waajiri wako, utaamua mwenyewe kama utawaambia na lini. Kazi uliipata kwa kichwa chako, niliwasikia wakikuuliza hesabu nzito ambazo mimi sizielewi hadi leo, na ulizijibu zote kabla hawajakuuliza habari za baba. Nakwambia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na pia kwa sababu naogopa utaamini vinginevyo.

Kunaniuma kuondoka kwako. Sikulisema mezani kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka. Nimekuwa nikikuchukua kituo cha reli St Marys jioni za mvua tangu uanze chuo, na ile dakika unapotoka na kuanza kulitafuta gari letu kwa macho ndiyo dakika yangu nzuri ya siku nzima. Ningependa uendelee kunitafuta hivyo. Lakini ningependa unayemtafuta awe ni mimi kweli.

Barua hii nilikusudia kuitia ndani ya begi lako, chini ya koti, uikute ukishafika. Nilishafungua hata zipu. Ndipo nikajiona ni yuleyule wa nyumba ya wageni, anafanya jambo na karatasi halafu anakuwa mbali kabla mtu hajamuuliza. Kwa hiyo nitakupa mkononi asubuhi, hapa mezani, kwa sababu pale uwanja wa ndege wanaingia wasafiri tu na mlangoni hatutapata nafasi. Nitakaa mbele yako mpaka umalize kusoma, hata ukichukua saa nzima. Neno usilolielewa niulize nikusomee, na yale usiyotaka kuamini niulize pia, sitapiga chenga. Ukiona heri mama yako akupeleke peke yake, funguo za gari zitakuwa hapo karibu na mkono wako, na nitaelewa.

Na kama utamaliza, ukaikunja, ukanyamaza, mwanangu, sitamwambia mtu yeyote kwamba umenisamehe.

Ni mimi,
Baba yako